Ujira wa Siku ya Kukaa

Tangu nizaliwe sijawahi kulipwa nikiwa nimekaa. Nimefua nguo za watu majumbani, nimebeba zege, nimemenya vitunguu kwenye majiko ya watu mpaka machozi yakaisha, na kote huko sheria ilikuwa moja: usipofanya kazi leo, leo huli. Kwa hiyo nilipopata kazi mahali wanapofua mashuka ya hoteli na hospitali, swali langu la kwanza halikuwa mshahara. Niliuliza kama siku ya mapumziko inalipwa.

Msimamizi wetu tulimwita Pasi, maana alikuwa wa moto na alipenda kila kitu kinyooke. Alinitazama juu mpaka chini. "Inalipwa ukimaliza miezi mitatu ya majaribio," akasema. "Kabla ya hapo, ukipumzika unapumzika kwa hasara yako."

"Kwani mgeni hachoki?" nikamuuliza. "Au mgongo wangu nao uko kwenye majaribio?"

Wenzangu kwenye meza ya kukunjia walicheka chini chini. Pasi hakucheka. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hauna mlango, na mama alishaniambia mdomo huu utanikosesha mume. Mume nilimpata, ila yeye ndiye aliyekosa mgongo. Alianguka kwenye ngazi akipaka rangi nyumba ya mtu, na tangu siku hiyo hata kugeuka kitandani mpaka asaidiwe. Nyumba nzima ikawa inanitegemea mimi: yeye, watoto wetu wawili, na dada yake, wifi yangu, aliyekuja kumuuguza akabaki moja kwa moja.

Ile siku isiyolipwa ilituumiza. Kila ikipita, kesho yake sufuria linachelewa kubandikwa. Nikamwendea Pasi, nikamwambia basi nitafanya wiki nzima bila kupumzika. Akakataa. "Ukisinzia kwenye mashine ya mvuke ukaungua, nitajibu mimi. Lakini ukileta mtu wa kushika nafasi yako siku hiyo, atalipwa kibarua."

Hapo nikajiona mjanja kuliko wajanja wote. Mtu si ninaye nyumbani? Wifi yangu alikuwa wa maneno machache mno. Tulitaniana kama mawifi wanavyotaniana, ila mtaniaji nilikuwa peke yangu. "Wifi, leo umeongea sana, pumzika usije ukaugua," namwambia, naye anatabasamu na kuendelea kuosha vyombo. Nikamfundisha kukunja shuka pale pale kitandani, kaka yake akiwa katikati analalamika kwamba tunamfunika na kumfunua kama chungu. Pembe kwa pembe, upindo ndani, kiganja kipite mara moja. "Ukifika kule usiseme kitu," nikamuusia. "Kusema niachie mimi."

Akaenda. Ikawa siku yangu ya kupumzika ndiyo siku yake ya kazi. Jioni anarudi, ananikabidhi ujira wote wa kibarua, nami napokea wote, sikumwambia hata mara moja abaki na kidogo cha sabuni yake. Kazini wenzangu wakaanza kumsifu: mashuka ya wifi yako hayarudishwi. Nikajivuna. Mwanafunzi wangu yule, nikawaambia.

Mimi huku nikawa nasema. Mvuke ukizidi, nasema. Maji ya kunywa yakikosekana, nasema. Pasi akipita tu, namkumbusha kwamba miezi mitatu inakaribia na siku yangu ya kukaa naitaka na ujira wake. Nilishaipanga siku hiyo. Nitatandika mkeka mlangoni, ninyooshe miguu, na jirani akiniuliza mbona sikwenda kazini, nimjibu kwamba niko kazini hapa hapa. Nililala nikiiwaza na kuamka nikiiwaza.

Miezi mitatu ikatimia. Pasi akaniita pembeni, karibu na matenga ya mashuka machafu.

"Nafasi ya kudumu ni moja," akasema, "na nyinyi ni wawili. Nimemchukua yule anayekuja siku ya mapumziko yako."

Nilidhani ananitania, na Pasi hajui utani. "Yule ni mtu wangu," nikamwambia. "Nimemleta mimi."

"Na nakushukuru. Anakunja kama wewe, na hasemi."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilirudi nyumbani nina maneno ya kumvua mtu nguo. Nilimkuta wifi anamgeuza kaka yake, nikayamwaga yote pale pale: nyoka, mla bure, ulijua tangu mwanzo, umekula kwangu ukanila na mimi. Alimlaza kaka yake vizuri, akamfunika shuka. Mume wangu aligeuza uso ukutani, machozi yanamtoka.

Baadaye wifi akasema, "Nilimwambia Pasi sitaki. Akasema nikikataa, ataleta mtu wa nje. Sema wewe, wifi. Ukisema nisiende, siendi."

Nilikwenda jikoni nikafunua pipa la unga, nikaona unga uliobaki. Nikarudi nikamwambia aende. "Na uvae viatu vyangu," nikasema, "vyako vitateleza kwenye sakafu ile."

Sasa ninayekaa ni mimi. Namgeuza mume, napika, nasubiri watoto watoke shule. Mkeka sijautandika mlangoni, maana jirani akiuliza nitamjibu nini?

Wifi alipolipwa wiki yake ya kwanza ya kudumu, alikuja nayo yote kama alivyozoea, akaiweka mezani. Kisha akatoa noti katikati yake, akaisogeza kwangu peke yake.

"Hii ni ya siku ya kukaa," akasema. "Ni yako, wifi. Wewe ndiye uliyeidai."

Nilitamani kumrushia usoni. Nilitamani pia kumkumbatia, na yote mawili yalinishinda. Ndiyo hivyo basi, nimelipwa nikiwa nimekaa. Niliichukua kwa sababu dawa ya mgongo ilikuwa imekwisha, nikamwambia ahsante, neno moja tu, kama yeye.