Maji ya Kubonyeza

Friji ilikuwa na milango miwili kama kabati la bibi harusi, na ili iingie ilibidi mlango wa jikoni ung'olewe. Wabebaji walihema. Mke wa kaka yake Subana akazunguka huku na huku akisema, "Taratibu, baba, taratibu," na Subana mwenyewe akasimama pembeni na tepu yake ya kupimia shingoni, akiomba kimoyomoyo isipite.

Ilipita.

Subana ni jina alilobandikwa tangu ujana, kwa ile kofia ndogo ya chuma ambayo washonaji huvaa kidoleni sindano isiwachome. Yeye yake haivui hata akila. Aliishi na mama yake mzazi, kaka yake dereva wa lori, na huyo wifi yake, mwalimu wa chekechea mwenye sauti nyembamba na mikono isiyotulia. Katika nyumba ile palikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa: maji ya mama.

Magoti ya mama yalikwisha kumkatalia, na joto lilimtesa, kila mara kiu. Basi asubuhi Subana aliyachemsha maji, akayachuja kwa kitambaa cheupe alichokipinda pindo mwenyewe, akanunua barafu dukani, akaifunga kwenye taulo na kuipondaponda kwa mchi, akayatia yote kwenye chupa ya chai. Mama akiita tu, cherehani inanyamaza. Na wageni wakija, mama huwaambia, "Maji haya hamyapati popote. Yana mkono wa mwanangu." Kwa maneno hayo Subana alishiba hata siku isiyo na mboga.

Sasa wifi ameleta hii friji yake. Kwenye mlango wake wa kushoto kuna kishimo kama kidirisha. Ukisukuma glasi kwenye kikono kilichomo, maji ya baridi yanashuka. Ukigusa kitufe cha juu, barafu inaporomoka, ukitaka vipande, ukitaka ya kusagwa. Mlango huufungui. Mtu humwiti.

Kesho yake akaja fundi wa kuunganisha maji. Wifi alikuwa bafuni. Fundi akapitisha kimrija chembamba nyuma ya kabati hadi kwenye bomba, akapachika chujio, akafuta mikono kwenye suruali.

"Dada, wewe ndiye unayesaidia kazi hapa?"

Subana akakaza tepu shingoni.

"Haya, mwambie mwenye friji, chujio ni jipya, lina vumbi la mkaa. Maji ya mwanzo asiyanywe. Ajaze jagi amwage, ajaze amwage, mpaka yatoke safi bila ladha. Na barafu ya kwanza aitupe yote. Haiui mtu, ila atatahayari mbele za watu."

"Nitamwambia," alisema Subana.

Mwenye friji. Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Wifi alipotoka bafuni, taulo kichwani, akauliza, "Ameshaondoka? Kasema nini?"

"Kasema tayari."

Akarudi kwenye cherehani yake. Kijiba cha roho kina maneno mengi, nacho kikamnong'oneza: asiyekuwepo na lake halipo, nani alimtuma aoge saa ile? Akakanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika.

Jioni iliyofuata majirani wakaja kuiona friji, wakiongozwa na Mama Redio, ambaye habari zake hazina kitufe cha kuzimia. Wifi akasukuma glasi kwenye kikono, maji yakashuka, barafu ikafuata kwa kishindo, wageni wakarudi nyuma hatua moja wakacheka. Glasi ya kwanza akampa mama mkwe kwa mikono miwili. Subana alijiegemeza kwenye mwimo wa mlango, akaona chembe nyeusi zikielea, akangoja.

Mama akanywa. Kisha akasema, "Maji mepesi haya."

Mama Redio akainua yake kwenye mwanga. "Hivi vidoa ni nini?"

"Madini hayo, shoga," alidakia jirani mwingine. "Watu wanayalipia."

"Yana kaladha ka hospitali."

"Basi ndio usafi wenyewe."

Wakamaliza, wakaongezwa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuonekana mshamba. Na mama, kidevu kinadondoka maji, akasema, "Kumbe miaka yote hii nakunywa vuguvugu."

Wote wakacheka. Subana naye alicheka, kwa meno tu. Sindano aliyochomwa hapo haikuwa na subana ya kuizuia.

Wageni walipoondoka, wifi akamfuata jikoni. Akatema kwenye sinki.

"Wifi, nifichie siri. Maji haya yananuka mpira. Wamenisifu tu kwa huruma. Kesho naita watu wa duka waichukue, kaka yako nitamwambia ilikuwa mbovu. Au wewe unaonaje?"

Subana aliona vizuri kabisa. Neno moja tu, "Rudisha," na chupa ya chai ingerudi kwenye kiti chake. Akafungua mdomo.

Fimbo ikagonga sakafu. Mama aliingia mwenyewe, polepole, glasi mkononi, bila kuita mtu. Akaiegemeza fimbo kwenye friji, akasukuma kikono, maji yakamrukia mkononi, naye akacheka kicheko ambacho Subana hakuwa amekisikia tangu yale magoti yaanze.

"Unajua ni lini mara ya mwisho nilijichotea maji?" alisema mama, bila kumwangalia yeyote. "Kuita mtu kila ukiwa na kiu, hata awe mwanao, kunachosha. Saa nyingine nalala na kiu yangu."

Hapo ndipo palipomuuma Subana zaidi ya lile neno la vuguvugu. Mama akainua glasi.

"Usinywe, mama," alisema Subana. "Fundi alisema yamwagwe kwanza. Na barafu itupwe."

Wifi akageuka. "Alisema lini?"

"Ulipokuwa unaoga."

"Nikakuuliza."

"Uliniuliza."

Friji ikanguruma peke yake. Mama akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, jinsi alivyowatazama wanawe zamani wakigombea kiti. "Haya," alisema. "Leteni jagi. Kubonyeza nabonyeza mimi."

Wifi akatwaa jagi, akampa Subana, akaenda kuzoa barafu. Mama akasukuma kikono. Likajaa, Subana akamwaga, akalirudisha. Maji yakawa yanapungua weusi kidogo kidogo. Kila yaliposhuka mama alicheka, kwa mashine ile, si kwa binti aliyeshika jagi, na Subana aliusikia wivu ukimla palepale, na akalirudisha tena jagi chini ya mdomo wa friji, likae sawa, mama asilowane.