Bati la Alhamisi

Daktari alisema jambo moja tu, tena kwa maneno mepesi ambayo hata mtoto angeyaelewa: ngiri hii isipopasuliwa mapema, utumbo utajinyonga, na mzee atakufa. Hakutaja nyota ya Mushtari, wala hakutaja mwezi. Lakini Mzee wa Saa alitoka mle ndani akijishika kinena, akakaa polepole kwenye benchi la korido, akamwambia binti yake kwamba tarehe waliyopewa haifai, kwa sababu siku hiyo mwezi utakuwa kwenye Nge.

"Nge gani tena, baba?"

"Buruji ya Nge, lile kundi la nyota. Kila kiungo kina buruji yake. Kichwa ni cha Kondoo, moyo ni wa Simba, kinena ni cha Nge. Mwezi ukikaa hapo, kisu hakigusi hapo. Zamani hata vinyozi walilijua hilo."

"Basi nenda ukapasuliwe na kinyozi," binti akasema, na nesi aliyekuwa akipita akageuka kuwatazama.

Binti huyo watu walimwita Fundi, na ufundi wenyewe ulikuwa kuchonga maandishi kwenye madini. Vibao vya milango ya mawakili, majina ndani ya pete za ndoa, makombe ya shule ambayo kila mwaka yalishindwa na shule ile ile. Vyote vilipita mikononi mwake. Duka lilikuwa la baba na mtoto. Yeye alikaa upande wenye mwanga, na baba alikaa kwenye kona ya saa mbovu. Ukutani zilining'inia saa za kila aina, na hakuna mbili zilizokubaliana. Mteja akishangaa, mzee alimweleza kwamba saa ya kweli haikai ukutani. Jua likichomoza, nyota mwenye siku anashika zamu. Baada ya saa moja anampokeza mwenzake, huyo anampokeza mwingine, mpaka jua linatua. Jumapili ni ya Jua, Ijumaa ni ya Zuhura, Jumamosi ni ya Zuhali mwenye roho ngumu. Watu walimletea saa zilizosimama, na wakati huo huo wakamuuliza siku ya kusafiri au kufungua biashara. Aliwajibu yote kwa bei moja.

Fundi alikulia ndani ya hesabu hizo, na zilimchosha. Alikatwa nywele kwa nyota, akapelekwa shule kwa nyota. Mchumba wake wa kwanza, kijana mpole muuza vioo, alikataliwa kwa sababu nyota yake ilikuwa ya moto na ya Fundi ya maji. Siku hizi yule muuza vioo alikuwa na watoto na kitambi, akipita dukani alisalimia kwa adabu kabisa. Fundi alimwitikia, kisha akachonga kibao cha mtu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Tarehe ya kwanza ikapita. Hospitali wakatoa ya pili. Mzee akaikataa kwa kuwa Zuhali alikuwa anaitazama kwa jicho baya. Shangazi, dadake mzee, ambaye aliishi nao na hakuwahi kuona kimya akakiacha kama alivyokikuta, alijaribu kumbembeleza.

"Kaka, haraka haraka haina baraka, sikatai. Lakini..."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," Fundi akamalizia. "Lako hilo hapo limeshaumia. Unataka nini, baba? Sema, nikupe."

Mzee akaivuta miwani yake mpaka kwenye ncha ya pua.

"Nataka talasimu ya Mushtari. Mushtari ndiye nyota ya heri kubwa. Madini yake ni bati, siku yake ni Alhamisi, saa yake ni ile ya kwanza jua likichomoza. Nichongee, halafu nitakwenda tarehe yoyote watakayonipa. Hata kama mwezi umelala juu ya kinena changu."

"Hirizi tu? Siku zote hizi kumbe unataka hirizi?"

"Hirizi ni neno la sokoni. Hii ni talasimu. Ina masharti."

Masharti! Bati liwe safi, liyeyushwe na kumiminwa kuwa kisahani kidogo asubuhi hiyo hiyo. Lichongwe kwa mkono, si kwa mashine. Mbele uwekwe mraba wa tarakimu, vyumba vinne kwa vinne, ambao ukijumlisha kushuka, kwenda upande au kukata kutoka pembe hadi pembe, jibu ni lile lile. Nyuma liwekwe jina la mwenyewe na jina la mama yake, lakini hilo halitajwi kabla. Mwenye kupiga hesabu, yaani mzee, atalisema mara moja, sikioni mwa mchongaji, dakika ya mwisho. Na kubwa kuliko yote, tangu mkwaruzo wa kwanza hadi wa mwisho, mchongaji asifungue mdomo. Neno moja likitoka, bati linarudi motoni na kazi inangoja Alhamisi nyingine.

Fundi alikubali. Angekubali hata kuchonga juu ya paa akiwa amesimama kwa mguu mmoja, mradi mzee aende hospitali. Jina la nyuma halikumtia wasiwasi. Alimfahamu bibi yake, mama wa mzee, na herufi za jina la bibi zilikuwa chache.

Alhamisi ya kwanza alifika kwenye safu ya tatu ya mraba. Mlango wa duka ulikuwa umefungwa, mzee ameketi mbele yake akifukiza uvumba, kila kitu sawa. Nje mtu akagonga.

"Hodi!"

"Karibu," Fundi akasema.

Lilimtoka lenyewe. Ni nani aliyelelewa vizuri akaweza kuiacha hodi ikining'inia hewani? Mzee akafumba macho. Nje alikuwa mwalimu wa michezo, amekuja kuulizia kombe. Fundi alimtazama mwalimu yule kwa jicho ambalo hakustahili hata kidogo, akachukua kisahani chake cha bati akakitupa kwenye kikaango cha kuyeyushia.

"Baba, 'karibu' ni neno zuri. Mushtari ni wa heri, si ndiyo? Atachukia mtu kukaribishwa?"

"Masharti ni masharti."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mzee alikula uji tu, na alipokohoa alikishika kinena kwa mikono miwili. Fundi alimwomba waende hivyo hivyo, akakataa. Kuzungumza naye kulikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa.

Alhamisi ya pili Fundi alijifunga kitambaa mdomoni. Safari hii mraba ulikwisha wote, tarakimu zimesimama vizuri, akawa anakigeuza kisahani upande wa pili. Hapo Shangazi, aliyeapa kwamba hatathubutu kuingia, akaingia na birika la chai, akaona kaka yake amekunja uso kwa maumivu, akapiga kelele. Birika likaanguka. Chai ya moto ikamwagikia Fundi mguuni, na alilolisema Fundi ndani ya kile kitambaa lilisikika vizuri sana. Shangazi mwenyewe alisema hajawahi kulisikia tangu marehemu mumewe alipojipiga nyundo kidoleni.

Mzee hakutukana wala hakugomba. Alinyoosha kidole tu kuelekea kikaangoni.

Hapo maji yakamfika Fundi shingoni. Aliuvua mguu kiatu kilichojaa chai, akasimama.

"Unajua, baba? Siku mama alipokwenda kupasuliwa, wewe ndiye uliyeichagua ile siku. Ulikaa hapo hapo ulipokaa. Ukasema mwezi safi, Zuhura safi, Mushtari yuko juu kabisa. Ukasema haijapata kutokea siku njema kama ile. Mama hakurudi. Sasa niambie, hizo nyota zako zina kazi gani?"

Shangazi aliokota birika, akatoka nalo. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

"Niliichagua mimi," alisema. "Ndiyo."

Fundi alitamani kuyameza maneno yale, lakini yaliyokwisha kutoka hayarudi. Siku zilizofuata wakawa wanaongea mambo ya chumvi na funguo tu. Hospitali ilipiga simu: nafasi ilikuwapo Ijumaa, na wakiikosa hiyo watarudi mwisho wa foleni. Usiku wa Jumatano mzee alitapika. Fundi alisafisha sakafu kwa hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga mtupu. Alikuwa anaogopa kuzika mtu kwa ajili ya kipande cha bati.

Alhamisi ya tatu aliweka kibao nje, alichokichonga mwenyewe: HAKUNA HODI. Shangazi alipelekwa kwa jirani, jirani naye akaombwa asimwachie. Mzee aliletwa dukani akitembea kama amebeba yai kati ya miguu. Jua likatoa ukingo juu ya paa la jengo la mbele, mzee akainua kidole, na Fundi akaanza.

Kusema kweli alichonga vizuri kuliko siku zote. Bati ni laini, haligombani na kalamu ya chuma, na mkono wake ulijua njia. Alikata chumba baada ya chumba. Nje mtu alisimama, akasoma kibao, akacheka, akaenda zake. Alipoumaliza mraba alikigeuza kisahani, akapuliza vumbi, akainamisha sikio kwa baba yake. Jina la mzee alikuwa nalo kichwani tayari, na mkono umeshajipanga kwa herufi ya kwanza.

Mzee akainama. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya uji na dawa. Akataja jina.

Lilikuwa jina la Fundi. Kisha akataja la pili, nalo halikuwa la bibi. Lilikuwa la mama yake Fundi, lile ambalo halikuwa limetamkwa ndani ya duka hilo tangu msiba.

Fundi akainua kichwa, mdomo umefunguka. Mzee akaweka kidole midomoni mwake mwenyewe, haraka, macho yakimsihi.

"Usiseme," akanong'ona. "Mimi naruhusiwa, wewe huruhusiwi. Sikiliza tu, maana siku nyingine huwa hunipi nafasi." Akavuta pumzi. "Mama yako alikwenda hana wasiwasi kwa sababu ya maneno yangu, na wewe ukabaki mikono mitupu. Sikukuwekea chochote. Nilikuwa na hakika kupita kiasi. Sasa na mimi naenda, na hakika sina. Nikaona siwezi kuingia mle ndani kabla sijakuachia kitu cha heri. Hospitali sikuikataa. Nilikataa kuondoka hivi hivi tu. Haya, chonga, saa inakwisha."

Mwanamke huyu alikuwa na majibu tangu anajifunza kutembea. Alimjibu mwalimu, alimjibu mwenye nyumba, alimjibu daktari. Sasa alikuwa na majibu tele, yamejaa mpaka kwenye meno: kwamba mzee ni mpumbavu, kwamba angekufa wiki mbili zilizopita kwa ajili ya huu upuuzi, kwamba kitu cha heri alichotaka kuachiwa ni baba mzima. Hakuweza kutoa hata moja. Aliinama akachonga jina lake, akachonga na la mama yake, machozi yakidondoka juu ya bati, naye akiyafuta kwa kidole gumba ili aone mstari.

Alipomaliza mkwaruzo wa mwisho aliiweka kalamu mezani.

"Baba," akasema, "umenitesa."

"Najua."

"Umenitesa sana."

"Najua, mwanangu."

Akatoboa tundu, akapitisha uzi, akamvika mzee shingoni. Mzee akapinga: hesabu haikupigwa kwa ajili yake, jina si lake, haitamfaa kitu.

"Nani kasema itakufaa? Ni mali yangu, nimekuazima. Kesho ukitoka mle ndani utanirudishia kwa mkono wako mwenyewe. Mali ya watu haiendi kaburini."

Mzee akakitia kisahani ndani ya shati.

Asubuhi ya Ijumaa, kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, nesi alikiona kisahani na kutikisa kichwa. Chuma hakiingii. Pete, saa, meno ya bandia, vyote nje. Fundi akaanza kugomba, lakini mzee, aliyelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, alikuwa akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu ngiri ianze. Akauvua uzi, akamwashiria Fundi ainame, akamvika.

"Umeona? Mwenyewe ni mwenyewe."

Wakamsukuma ndani.

Fundi aliketi kwenye benchi lile lile la korido. Hakuwa akiamini Mushtari, na hata leo haamini. Ukimuuliza atakujibu vibaya. Lakini mlango ulipofungwa alikishika kisahani ndani ya kiganja, akafunga mdomo. Shangazi alimuuliza kama ana njaa, hakujibu. Alimuuliza kama amefunga duka, kama amemlipa jirani, kama anaumwa. Kimya. Mama mmoja wa pembeni alimsalimia, naye akaitikia kwa kichwa tu, jambo ambalo lilimwumiza, maana hakulelewa hivyo. Shangazi akamwambia yule mama amsamehe, mtoto wa watu yuko kazini. Wakakaa hivyo, bati likipata joto la mkono, mpaka jua la dirishani likahama ukuta.

Mlango ukafunguka. Akatoka nesi yule yule, barakoa imeshushwa kidevuni, uso wa mtu aliyechoshwa kabisa.

"Binti wa mzee wa saa ni nani?"

Fundi akasimama.

"Baba yako ameamka. Kazi imekwenda vizuri. Lakini hatupumziki, tangu afungue macho anatuuliza hii ni saa ya nyota gani. Daktari hajui, mimi sijui. Tumwambieje?"

Fundi akafungua mdomo.

"Mwambieni anyamaze," akasema, akaketi chini akalia kwa sauti.