Waridi Mahali pa Uso

Ami Shafiq alilitandaza bango mezani, katikati ya sufuria la wali na majani ya mzabibu ambayo Rihab na mama yake walikuwa wakiyakunja. Lilikuwa bango la wagombea wa ukoo wao katika baraza la kijiji. Wanaume wote walikuwa na nyuso zao, hata Nasri, mtoto wa Ami, ambaye hajawahi kuhudhuria mkutano asilale. Mahali pa Rihab palikuwa na ua la waridi, na chini yake maandishi: Dada wa Hilmi.

"Ua hili ndilo mimi?" Rihab aliuliza.

"Ni heshima, binti yangu. Uso wa mwanamke haubandikwi ukutani kila mpita njia akautolea macho."

"Basi mnanitakia nini?"

"Sheria inataka mwanamke kwenye orodha, bila mwanamke wanatukataa. Tia sahihi, ofisi ya uchaguzi inafunga alasiri."

Hasira zilimpanda Rihab mpaka masikio yakawaka moto. Alipofungwa na jeshi la uvamizi, uso wake huu huu ulibandikwa kijiji kizima, kuanzia msikitini mpaka kwa kinyozi, na aliyeshika brashi ya gundi alikuwa Ami Shafiq mwenyewe. Jina lake liliandikwa kubwa, na chini yake, binti wa Palestina. Leo nchi haina haja naye, amegeuka dada wa mtu.

"Nilipokuwa gerezani, Ami, uso huu haukuwa na aibu?"

"Ile ilikuwa kwa ajili ya nchi."

"Na maji ya kijiji hiki yanayokatika kila kiangazi, hayo ni ya nchi gani?"

Ami alimgeukia mama yake Rihab. "Mama Hilmi, msemeshe mwanao."

Mama Hilmi hakuacha kukunja. "Shemeji, picha ile niliibeba kifuani barabarani, mvua yangu, jua langu. Hukuniambia hata siku moja niifunike."

Rihab aliisukuma kalamu. "Sitii sahihi. Mkitaka ua, kachumeni bustanini likawagombee."

Ami alitoka kwa kishindo kwenda kutafuta mwanamke mwingine. Alianza nyumbani kwake, ng'ambo ya kichochoro, na sauti ya mkewe ikawafikia jikoni.

"Nigombee mimi? Haya. Utaniwekea ua gani? Maana waridi limeshanipita, labda uniwekee kitunguu."

Alikwenda nyumba ya tatu, ya nne, na kote habari ilikuwa imemtangulia. Aliporudi alikaa kitini bila kumtazama mtu. Radhi hakuomba, wala hakuna aliyeitarajia. Alimwita Hilmi ampigie simu mwenye mitambo ya kuchapa.

"Mtumie ile picha ya dada yako ya kifungoni," alisema. "Watu wanaipenda ile."

"Wanaipenda kwa sababu yule wa pichani hakuweza kuwajibu," Rihab alisema. "Nipigwe picha sasa hivi. Na jina langu lote liandikwe."

Alisimama mbele ya ukuta wa jikoni, mikono ina mafuta. Hilmi aliinua simu, akasita.

"Tabasamu kidogo, dada. Watu watakuogopa."

"Na waniogope," alisema Rihab. "Piga."