Watoto Watazame Mlima

Vita vilipoingia mji wa Kiwanja, Ernestine alikuwa amekwisha kupakia maharagwe yake kwenye Fuso ya dereva Védaste, tayari kwa soko la Goma. Kabla injini haijawaka, watu walipanda juu ya magunia na magodoro yao, na sufuria, na watoto wengi ajabu. Ernestine alikuwa mchuuzi wa Butembo, hakuwa na mtoto, na kelele za watoto wa wenzake zilimchosha upesi. Alijibana karibu na kabini, akajitanda kitenge hadi usoni.

Walipopita Rumangabo, mwanamke aliguna huko nyuma. Alikuwa Mukantwari, mke wa mkulima wa Rutshuru, na mimba yake ilikuwa imetimia. Bibi Mukakalisa, aliyezalisha wanawake tangu ujana wake, alimpapasa tumbo, kisha akapaza sauti.

"Védaste, simamisha gari."

"Siwezi, mama," dereva alijibu kupitia dirishani. "Sikia kule tulikotoka. Nitaenda polepole."

Milio ya bunduki ilikuwa bado inawafuata. Wanawake walishika vitenge wakamzungushia Mukantwari ukuta, lakini upepo uliufunua kila mara, na watoto wote walikuwa wamekodoa macho. Mukakalisa akamtazama Ernestine.

"Wewe mikono yako iko bure. Shika hawa batoto. Wasiangalie huku."

Ernestine hakujua pa kuanzia. Aliwaambia wageuke, hakuna aliyegeuka. Akanyoosha kidole kuelekea Nyiragongo, mlima wa volkano.

"Munaona ule moshi? Kila mutu aniambie anaona nini ndani yake."

Kisha mmoja akasema anaona mbuzi. Mwingine akakataa: ni muzee anavuta kiko. Moshi ukajipinda, muzee akageuka chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, iliyobeba kabichi, na watoto wakaanza kubishana kama kabichi zitaanguka. Wadogo walinyanyuliwa mabegani ili nao waone. Hata baba mmoja aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu Kiwanja aliinua macho na kusema kwamba kwake yeye ile ilikuwa ng'ombe, tena ng'ombe mnono wa malisho ya Masisi.

Uwamariya peke yake hakutazama. Alikuwa binti wa Mukantwari, meno ya mbele yamemtoka, na sauti ile aliijua.

"Mama yangu analia."

Ernestine alimpakata. Hakuona sababu ya kumdanganya.

"Ndiyo, analia. Iko na kazi nguvu sana. Umusaidie. Ukimusikia, uniambie moshi imekuwa nini, nimupelekee habari."

Mguno ukaja. Uwamariya alikaza macho mlimani.

"Mwambie imekuwa ndizi."

"Mukantwari," Ernestine aliita, "mutoto wako anasema imekuwa ndizi."

Gari likaruka shimo. Nyuma ya vitenge palisikika pumzi nzito, kisha sauti iliyokatikakatika: "Ya kupika ao ya kuiva?"

Mwanamke yule, katika maumivu yale, alikuwa anacheza na mtoto wake.

"Ya kupika," Uwamariya alijibu baada ya kuchunguza vizuri.

Wakaendelea hivyo. Walipofika Kibumba, mlima ulikuwa umekaribia mno, umejaza upande mzima wa mbingu, na watoto wakanyamaza wenyewe. Katika kimya hicho ndipo kiliposikika kilio chembamba, kipya.

Védaste alisimamisha gari. Hakuna aliyemlaumu. Mukakalisa aliinua kitoto kilichofungwa kitenge, na wazee wakavua kofia zao.

"Hakupanda na sisi," mtoto mmoja alinong'ona. "Ametoka wapi?"

Mukakalisa alimlaza mtoto kifuani mwa Mukantwari, na Védaste akawasha gari tena.

Walipofika Goma jioni ile, wengi waliendelea kuelekea kambi ya Mugunga kutafuta hema. Mukantwari hakuweza kusimama. Ernestine alikuwa na dada mtaa wa Birere; alimwambia Védaste awapeleke kwanza huko, maharagwe yangengoja. Huko wanaume wawili walimshusha mama garini wakambeba, Uwamariya akashika upindo wa kitenge chake, na Ernestine akapewa mtoto. Hakuwahi kubeba kitu chepesi namna ile. Alitembea juu ya mawe meusi ya volkano akipima kila hatua, na waliokutana naye walimpisha njia bila kuambiwa.