Sampuli Iliyoitika

Jioni, malori ya Zambia yakinguruma kwenye foleni ya mpaka, Irene alitia sampuli ya uvimbe wa titi kwenye mashine ya maabara ya utafiti pale Tunduma. Mashine hiyo hupima uzito wa protini zilizokatwakatwa. Kwa uzito huo mtafiti hujua ni protini ipi imeiamrisha nyingine, na seli za saratani zimeambiwa nini. Sampuli ikasema, “Abee.”

Daktari Osea, mkuu wa maabara, hakuinua macho. “Hiyo imelelewa vizuri,” alisema, akaendelea kuandika.

Irene aliogopa, tena aliogopa kweli. Kwao, kijijini Ibaba, mtoto hufundishwa mapema: giza likiingia ukasikia unaitwa na humwoni anayekuita, nyamaza. Waliosema usikatae wito hawakuwa watu wa Ibaba. Akatazama grafu. Protini inayopokea wito kwenye ukuta wa seli ilikuwa imekwama wazi, kama mlango uliovimba kwa mvua. Hakuna aliyekuwa akiita. Seli zilikuwa zikiitika tu, na kila zikiitika zinagawanyika.

Dawa ya kuinyamazisha protini hiyo ipo, na Irene aliijua. Mwenye uvimbe ndiye hakumjua, maana sampuli huja na namba tu. Akaiinamia mashine.

“Shikamoo, mama. Wewe ni nani?”

“Marahaba. Gwantwa, wa Ibaba, jirani na kanisa. Leo nimeshinda napalilia viazi.”

Irene aliijua nyumba hiyo. Akamgeukia Osea.

“Daktari, tumpigie simu. Akichelewa dawa, atakufa.”

“Utafiti huu haurudishi majibu kwa wagonjwa,” alisema Osea kwa upole. “Ndivyo ulivyopitishwa. Ukimpigia, mradi unafungwa na wewe kazi huna. Hiyo sauti ifute. Iandike kelele za mashine.”

Irene akaifuta. Grafu ikatoka safi, ikasifiwa sana mkutanoni.

Sampuli iliyobaki imewekwa kwenye friza. Kila jioni huitika, siku hizi kwa sauti nyingi, na watu wa maabara wamezoea. Mama wa usafi huipa pole akipita na ndoo yake. Irene hajazoea. Hupita pale haraka.

Juzi sauti zilimsimamisha.

“Mwanangu, majibu yangu yametoka?”

“Bado, mama,” alisema Irene.

“Haya. Nitasubiri.”