Kiti cha Saba

Haya alinisimulia fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, msimu wa mvua uliopita, siku aliyokuja kunirudishia ungo akakaa mpaka chai ikapoa. Yalimfika yeye mwenyewe. Mimi nayaandika nilivyoyapokea.

Fundi alikuwa na mabinti wawili waliopishana mwaka mmoja, wakisoma darasa moja. Wa kwanza alichukuliwa na homa mwanzo wa muhula, ugonjwa wa siku chache tu. Akabaki mdogo. Naye huyo mdogo, mtihani wa mwisho unabisha hodi, akagoma kuingia kipindi cha fizikia. Mwalimu mkuu akatuma neno kwamba akizidi kukosa, mtihani hataufanya. Mama alibembeleza, akakemea, akanuna, wapi. Mtoto alikuwa na jibu moja.

"Mama, ile kamera inamtazama dada."

Basi fundi akafunika cherehani yake, akajifunga kitambaa kichwani, akamshika binti mkono wakaenda wote. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hakutaka kuambiwa, alitaka kuona.

Darasa lenyewe lilikuwa stoo ya zamani ya madawati, mapazia mazito, joto la kufungiwa. Shule haikuwa na mwalimu wa fizikia. Alikuwepo mmoja mji wa mbali, akifundisha shule nne kwa mpigo kupitia runinga kubwa ya ukutani. Kioo kimegawanywa vipande, kila shule na kipande chake, na chini pembeni kijidirisha wanamojiona wao wenyewe. Kila kiti kina kipaza sauti chenye shingo nyembamba kama ya bata. Juu ya runinga imekaa kamera, jicho moja lenye shingo ya kuzunguka, na mtu akisema, jicho linamgeukia.

Fundi mitambo, ambaye watoto walimbandika jina la Waya kwa kazi yake na kwa wembamba wake, akampa mama kiti cha nyuma.

"Tulia tu, mama," akamtania. "Humu hata chafya inapigwa picha."

Mama akatabasamu kwa kumridhisha. Macho yake yalikuwa kwenye kiti kitupu kando ya binti yake. Tangu msiba hakuna aliyekikalia.

Mwalimu akatokea kwenye kioo, mtu mpole mwenye miwani. Kwa kuwa majina ya wanafunzi wa shule nne yalimchanganya, alizoea kuwaita kwa viti vyao, shule moja baada ya nyingine. Akiita kiti, mwenye kiti anaitika, kamera inamgeukia, basi, anaita mwingine. Hivyo ndivyo alivyowajua, kiti na sauti. Mkono hajawahi kumpa hata mmoja.

Akaita kiti cha sita. Binti mdogo akaitika. Akaita kiti cha saba.

Hakuna aliyefungua kinywa. Kamera ikageuka polepole, kwa mlio mdogo kama wa mtu anayevuta pumzi usingizini, ikasimama kwenye kile kiti. Kikajaa kijidirisha chote, mbao zake, msumari uliochomoza, mkwaruzo wa kalamu. Mwalimu akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia, akasema vizuri, leo umewahi. Akaendelea na kiti cha nane.

Mama akamtazama Waya. Waya utani ulikuwa umemtoka. Akanong'ona kwamba yeye alidhani kipaza sauti cha kiti kile kina hitilafu, akakichomoa kwa mikono yake. Akaonyesha kwa kidole, waya ulikuwa unaning'inia chini ya meza, hauendi popote. Mama akauliza kama yule mwalimu aliambiwa habari ya msiba. Waya alidhani ofisi ilimwambia. Ofisi nayo, bila shaka, ilidhani Waya kamwambia. Ndivyo ilivyo, mzigo wa wawili huachwa njiani.

Mama akainuka, akapita katikati ya watoto, akakaa kiti cha saba. Mbao zilikuwa za moto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Akavuta kipaza sauti cha binti yake.

"Samahani, mwalimu. Mimi ni mama yake. Aliyekuwa anakaa hapa tumemzika."

Maneno huchukua muda kufika kule, na majibu muda kurudi. Wakangoja. Shule tatu nyingine zimetulia kwenye kioo kama picha. Hatimaye mwalimu akavua miwani.

"Pole sana, mama. Lakini mbona jana alinijibu swali?"

Mama alihisi mkono wa binti yake ukimbana mkono.

"Mtoto wangu nilimlea hivyo, mwalimu," akasema. "Akiitwa, aitike. Usimwite tena, apumzike."

Mwalimu akainamisha kichwa. Akaanza upya kuita. Alipomaliza cha sita akaruka, akaita cha nane. Kamera ikabaki pale pale, kando ya kiti cha saba, ikangoja, kama mtu asiyeamini kuwa amerukwa. Kisha ikageuka.

Binti alimaliza kipindi, na jioni akakubali kurudi darasani. Alipojilaza kitandani, akasema kinyonge kwamba siku ya kwanza baada ya mazishi ni yeye aliyemwitikia dada yake, aliona vibaya kiti kikinyamaza. Siku hiyo moja tu.

"Na siku nyingine?"

Mtoto usingizi ulikuwa umemchukua.

Fundi akaenda kukomea mlango. Tangu wanawe wakiwa wadogo, kabla ya komeo huwaita wote wawili kwa majina, kujua kama wameingia, na hata baada ya msiba hakuwa ameacha. Jioni hiyo akaita jina moja. La pili lilimjia mpaka ncha ya ulimi, akalimeza.

Nyumba ikawa kimya, kimya cha mtu aliyetega sikio. Fundi akalala chali, mkono mdomoni asije akaliita lile jina, mpaka kimya kile kikaondoka, naye akalala.