Aketch Anaenda Juba

Ofisi ya Makau, wakala wa kazi za nje, ilikuwa juu ya duka la magodoro Kawangware. Siku hiyo aliwakalisha wanawake watano kwenye benchi moja akawaambia jambo ambalo hakuna aliyehitaji kuambiwa: safari ni siri. Ukishatangaza, kuna jicho la mtu litaikalia safari yako mpaka ioze. Pasi ya kusafiria itapotea, gari litaharibika, ama utaamka na tumbo la kuendesha siku ya kuondoka.

Wote wakaitikia kwa vichwa. Nani Nairobi hajui hayo? Watu wa mitaa hii watakusimulia ugonjwa wa waume wao na ugomvi wao na mwenye nyumba, lakini safari hawasemi. Mtu anaondoka na begi, na jirani anapata habari akishaona picha kwenye simu, mwenzake amesimama mbele ya ndege akitabasamu.

Ni Aketch peke yake aliyeinua mkono.

"Hiyo kambi tunaenda kupika inaitwaje?"

"Mtajua mkifika Juba."

"Na msimamizi wa huko? Namba yake?"

"Madam, kwani unaenda kupika ama unaenda kuchunguza?"

Wenzake walicheka. Kageha, mama mmoja wa Riruta, alicheka kuliko wote. Aketch hakucheka, na alikuwa na sababu.

Miaka mitatu nyuma, kaka yake Dalmas, fundi wa stima, alipata kazi Juba kupitia wakala kama huyu. Alimwambia mama yao kwamba anaenda Mombasa. Hakuwa mwongo, alikuwa anailinda safari yake kama kila mtu. Wiki ya tano milio ya risasi ikaanza kule Juba, na simu yake ikazima. Familia ikamtafuta. Ikamtafuta Mombasa! Wiki mbili nzima mama yao, Nereah, alizunguka wodi na mochari za pwani akiulizia mtoto aliyekuwa nchi nyingine kabisa. Rafiki mmoja aliyejua ukweli alipofungua mdomo hatimaye, wakapiga simu ubalozini, na ofisa akauliza kwa upole: alikuwa kampuni gani? Alikaa mtaa gani? Hawakuwa na jibu hata moja. Mpaka leo hakuna mwili, hakuna kaburi.

Ungedhani Nereah ndiye angeichukia siri kuliko watu wote. Wapi! Yeye alishikilia kwamba Dalmas alikosea kumwambia yule rafiki, na kwamba hapo ndipo safari ilipoharibiwa. Majirani wa mtaa wao wa Kianda, wanaomwita Mama Dalmas hadi leo, walipouliza kijana yuko wapi, aliwajibu kwamba yuko Mombasa, kazi imembana.

Kwa hiyo aliposikia binti yake naye anakwenda huko huko, alilia. Lakini kibanda chao cha chakula kilikuwa kinakufa polepole, na kazi ya kambini ilikuwa na mkataba wa mwaka mzima. Akamshika Aketch mkono.

"Enda, nyathina, mwanangu. Lakini usiambie mtu. Sema unaenda ushago, nyumbani Siaya."

"Mama, nikipotea mtanitafuta Siaya?"

Nereah akamwachilia mkono. Aketch aliona jinsi maneno yale yalivyomchoma, na akaona uchungu, lakini hakuyarudisha.

Jumamosi asubuhi, mama yake alipokwenda sokoni, Aketch aliushusha ubao wa kibandani ulioandikwa chapati, madondo na omena. Akaufuta wote. Akaandika kwa chaki, herufi kubwa ambazo hata mwenye macho mabovu angesoma:

AKETCH ANAENDA JUBA. ANAONDOKA JUMANNE. WAKALA NI MAKAU WA KAWANGWARE. KAMBI: HAJASEMA. ATAPIGA SIMU KILA JUMATANO NA JUMAPILI, SAA MOJA JIONI. AKIKOSA KUPIGA MARA MBILI, ANZENI KUMTAFUTA.

Chini akaweka namba ya Makau na ya ubalozi wa Kenya kule Juba. Kisha akautundika nje, kwenye njia ya kwenda steji ya Olympic, ambako hakuna apitaye bila kuuona. Mwanamke wa kibanda jirani akashika mdomo.

"Aketch! Na jicho la watu?"

"Likuje lisome. Nimeandika na herufi kubwa."

Kufikia saa nne picha ya ubao ilikuwa imefika Kawangware. Saa tano Makau akapiga simu.

"Umeweka namba yangu kwa ubao ya madondo?"

"Nimeweka."

"Watu wananipigia kama mimi ni mwizi! Futa hiyo kitu."

"Sifuti."

"Basi jina yako natoa. Wapishi wamejaa hii Nairobi."

Tusidanganyane, hapo Aketch aliogopa. Aliitaka ile kazi, na kitambaa cha kufutia ubao kilikuwa pale pale mezani. Lakini alimkumbuka yule ofisa na maswali yake mawili madogo.

"Toa," alisema. "Kama huwezi kuniambia naenda wapi, siendi."

Makau akakata simu. Aketch alirudi kwenye unga wake, akasukuma chapati ambazo hakuna moja iliyotoka mviringo.

Saa saba bodaboda ikasimama mbele ya kibanda, na Kageha akashuka. Siku hiyo hakuwa anacheka.

"Sasa, Aketch. Chaki iko?"

"Ya nini?"

"Niandike na mimi. Tumemwambia Makau, sisi wote wanne, bila jina ya kambi hatupandi gari. Atatoa wapi wapishi watano kabla ya Jumanne? Wacha ajaribu." Akaandika jina lake na namba ya mumewe. "Mama mkwe akiona hii ataniombea na mafuta ya upako."

Saa nane ujumbe ukaingia kwenye simu ya Aketch, bila salamu: jina la kambi, barabara ilipo, jina la msimamizi na namba zake mbili. Mwishoni Makau aliandika, "Sasa mmeridhika?" Aketch alifuta HAJASEMA, akaandika yote hayo.

Alikuwa bado ameshika chaki mama yake aliporudi na karai la samaki kichwani. Watu walikuwa wamejaa.

"Mama Dalmas, kumbe binti anasafiri!" mmoja akasema.

Nereah alitua karai. Alisoma ubao polepole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alianza tena juu. Aketch akasimama mbele ya ubao.

"Mama, ukifuta nitaandika tena."

"Sogea. Na unipe hiyo chaki."

Akainama kwenye pembe iliyobaki tupu. Mwandiko wake ulikuwa wa mtu asiyeandika mara nyingi, na alichukua muda. DALMAS. FUNDI WA STIMA. ALIENDA JUBA.

Kisha akawageukia majirani.

"Hakuwa Mombasa. Miaka mitatu nimewadanganya. Sasa mnajua. Kama kuna mtu ako na mtu huko, amuulizie mwanangu."

Halafu mwashi mmoja, aliyekuwa anakula amesimama, akaweka sahani chini.

"Mashemeji zangu wawili wanaendesha malori huko," alisema. "Mama, nieleze anakaa vipi, sura na kimo."

Nereah akavuta benchi, akaanza kumweleza.